Likizo Hii Tuwafundishe Watoto Kutafuta, na Kutogusa



Likizo kubwa imefika. Tangu Julai mpaka shule zifunguliwe tena Septemba, watoto wako mikononi mwetu mchana kutwa. Mkubwa ameshika simu, wadogo wako ziwani au kando ya mto, na mama yuko sokoni na ndagala zake. Vikundi vingi vinatuuliza swali moja kila mwaka: tuwape watoto kazi gani yenye faida, isiyotaka pesa nyingi, isiyowapeleka mbali na macho yetu?

Wiki hii tunaleta mchezo ambao familia nyingi duniani zinaupenda. Wachezaji huuita jiokeshi. Mtu anaficha kikopo mahali, anachukua namba za mahali hapo kwa simu yenye GPS, kisha anawapa wenzake namba hizo wakitafute. Akikipata, mtu huandika jina lake kwenye kijitabu kilicho ndani na kukirudisha palepale. Akichukua kitu kidogo kilichomo, aweke kingine chenye thamani sawa au zaidi.

Ni mchezo mzuri. Unamfundisha mtoto ramani, hesabu, subira na kazi ya pamoja. Lakini hapa kwetu, kuanzia bonde la Ruzizi hadi Kalundu na kuendelea njia ya Fizi, hatuwezi kuuchukua jinsi ulivyo. Tutaeleza kwa nini, kisha tutaeleza jinsi ya kuucheza kwa usalama.

Ulianza wapi

GPS ni mfumo wa setilaiti za Marekani zinazozunguka dunia, juu kilomita kama 20,000. Simu ikipokea sauti ya setilaiti nne au zaidi, inaweza kupiga hesabu ya mahali ilipo. Zamani Wamarekani waliharibu kwa makusudi sauti waliyowaachia raia, hata kifaa kikakosea kwa makumi ya mita. Mapema Mei 2000 Rais Clinton aliamuru jambo hilo likome. Tarehe 3 Mei 2000, mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akawatangazia wenzake namba zake ili wajaribu kuipata. Ndani aliweka vitu vidogovidogo, pamoja na kopo la maharage. Leo vikopo vilivyofichwa duniani vinapita milioni tatu. Chakula hakiruhusiwi tena ndani, kwa sababu wanyama hukifuata.

Kwa nini hatuwezi kuucheza kama wao

Tuseme wazi. Mchezo huu unamzoesha mtoto kuingiza mkono vichakani, kuinua jiwe, kuvuta kitu cha chuma kilichofichwa na kukifungua kwa furaha. Nchi yetu imeona vita tangu 1996. Gruneti, maganda ya makombora na risasi vimebaki mashambani, kando ya njia na mahali palipokuwa na kambi. Watoto hudhani ni vitu vya kuchezea, au chuma cha kuuza. Tabia ambayo kwa mtoto wa Oregon ni mchezo, kwa mtoto wa Sange au Makobola inaweza kumkata mkono, au kumuua.

Jambo la pili ni macho ya watu. Fikiri mama mzee anaonekana jioni akichimba chini ya mwembe wa jirani na kuweka kikopo chenye karatasi ya majina ya watoto. Nani atamwamini akisema ni mchezo? Tunajua jinsi neno la uchawi linavyosambaa katika avenyu, na tunajua kwamba mara nyingi linamwangukia mwanamke, hasa mjane na mzee. Na si kwetu tu kwamba kikopo kinaleta hofu. Mwaka 2011 huko Wetherby, Uingereza, kisanduku cha mchezo huu kilionekana karibu na mkahawa, watu wakakidhania bomu, barabara ikafungwa na wanajeshi wakakilipua. Kwao lilikwisha kwa kelele. Kwetu huenda lisingekwisha hivyo.

Jambo la tatu ni maji. Kwenye mdomo wa Ruzizi na kando ya ziwa kuna mamba na viboko. Mito inayotoka milimani, kama Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, inaweza kujaa kwa dakika chache wakati mjini hakuna hata tone, kwa sababu mvua imenyesha kule juu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 ulitufundisha hilo kwa machozi: makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zilibomolewa. Kiangazi mito inaonekana kama njia kavu ya kuchezea, lakini mtoto aliyezoea kucheza mle ndani mwezi wa Julai atarudi mlemle mwezi wa Oktoba mvua zikianza.

Njia mbili zinazotufaa

Ya kwanza ni mchezo bila kikopo. Hatukuubuni sisi. Tangu 2004 wachezaji duniani wana aina inayokataza kuficha kitu chochote. Mtu anafika mahali, anatazama ardhi, mawe au maji, anajibu maswali, basi. Kwetu namba zinamleta mtoto mahali, na mahali penyewe ndipo penye jibu. Hakuna cha kuinua, hakuna cha kufungua, hakuna cha kuibwa.

Ya pili ni kikopo ndani ya uzio: parsele yako, uwanja wa shule au uwanja wa kanisa, kwa ruhusa ya mwenye mahali. Kikopo kiwe cha plastiki kinachoonyesha kilichomo ndani. Hakizikwi. Kinafichwa mchana, majirani wakiona na wakijua, na kinaondolewa siku hiyohiyo. Badala ya kijitabu cha majina, kila mtoto achore alama yake: samaki, nyota, jembe. Hivyo hapatakuwa na karatasi ya majina ya watoto mahali popote.

Namba zinasomwaje

Fungua programu ya ramani, weka kidole mahali ulipo na ukibonyeze kwa muda. Simu itaonyesha namba mbili. Katikati ya mji wetu wa Uvira utaona namba zilizo karibu na hizi: -3.40 na 29.14. Ya kwanza inasema tuko umbali gani kutoka ikweta, na alama ya kutoa mbele yake maana yake ni kusini. Ya pili inasema tuko mashariki kiasi gani.

Mfundishe mtoto thamani ya kila tarakimu. Nyuzi moja ya namba ya kwanza ni kilomita 111 hivi. Tarakimu ya tatu baada ya nukta inahamisha mahali kwa mita 111, ya nne kwa mita 11, na ya tano kwa mita moja tu. Kwa mchezo wetu tarakimu tano zinatosha. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuipiga hesabu hiyo kwenye daftari, na hapo ataona kwamba desimali za shuleni zina kazi.

Matatizo yanayowapata wengi

Simu inatupeleka mahali pengine kabisa. Mara nyingi alama ya kutoa imesahauliwa. Ukiandika 3.40 bila alama hiyo, unahama kilomita zaidi ya 750 na kujikuta Haut-Uele, upande wa Watsa na Faradje. Ukigeuza mpangilio, 29.14 ikatangulia, simu inakutupa jangwani Aljeria. Kosa la tatu ni kuchanganya nyuzi na dakika. Nyuzi 3.40 ni sawa na nyuzi 3 na dakika 24. Siyo nyuzi 3 na dakika 40, ambayo ni karibu kilomita 30 kusini, njia ya Fizi. Kabla ya kuwapa watoto namba, ziandike kwenye simu nyingine na uone zinaangukia wapi.

Tumefika, lakini hatuoni kitu. Simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea kwa mita tano hivi. Kati ya nyumba zilizosongamana, chini ya mabati, chini ya mwembe mkubwa au karibu na ukuta wa mlima, inakosea zaidi, kwa sababu sehemu ya mbingu imezibwa. Wafundishe watoto kwamba simu inawaleta mpaka kwenye uwanja, kisha wanaiweka mfukoni na kutumia macho. Mwenye kutunga swali achague kitu kikubwa na kisichohama: mti, mlango, ngazi, kibao. Asichague gari wala meza ya muuzaji.

Mega zimekwisha. GPS yenyewe haili mega, ila ramani ndiyo inayokula. Programu kama Organic Maps na OsmAnd zinaruhusu kupakua ramani ya eneo zima mara moja, mahali penye mtandao, kisha zinafanya kazi bila intaneti. Bila mtandao simu inaweza kuchukua dakika chache kujua ilipo mara ya kwanza. Simama mahali pa wazi, usiizungushe, usubiri.

Moto wa simu unakwisha. Punguza mwangaza, funga programu nyingine. Katika simu nyingi unaweza kuweka hali ya ndege na GPS ikaendelea kufanya kazi. Ijaze usiku umeme ukipatikana, na mchezo usipite saa moja na nusu.

Tuna simu moja, watoto ni kumi. Hilo ni zuri. Gawa kazi: mmoja asome namba, mmoja ahesabu hatua, mmoja aandike majibu, mmoja awaangalie wadogo. Kila kituo kazi zibadilishwe, wasichana nao wapate kushika simu. Kama hamna simu kabisa, chora ramani ya kartie kwenye karatasi na uandike idadi ya hatua. Mtoto atajifunza karibu yaleyale.

Kikopo kimeibwa. Kisiwe na kitu cha thamani. Kalamu, kifungo, shanga, kipande cha kitenge vinatosha. Usiweke pesa, dawa, kiberiti wala kitu chenye makali.

Watu wametuuliza mnapiga picha za nini. Swali hilo ni halali. Siku moja kabla, pita kwa shefu wa avenyu na kwa majirani, uwaeleze mchezo na saa. Chagua vituo mbali na kambi, bandari, daraja, mpaka na mahali penye askari, na huko usitoe simu hata kama unatafuta njia tu. Askari akiuliza, mama ndiye ajibu, si mtoto.

Wavulana wametangulia, wasichana wamebaki nyuma. Kikundi hakigawanyiki. Mtoto wa kike hatumwi peke yake kichakani, kwenye nyumba isiyokwisha kujengwa wala mahali pasipo watu, hata kama ni hatua ishirini. Kila watoto watano wawe na mama mmoja au dada mkubwa, na wote wawe wamerudi kabla jua halijashuka nyuma ya mlima. Picha za watoto pamoja na namba za mahali wanapochezea zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp.

Maneno manne ya kukariri

Hili ndilo jambo kubwa la makala hii. Kama hutaki mchezo wenyewe, chukua hili peke yake. Kabla ya kuanza, kila mtoto aseme kwa sauti maneno manne: Simama. Usiguse. Rudi. Sema.

Simama: ukiona kitu usichokijua, cha chuma au cha plastiki, kilichofukiwa nusu au chenye waya, usipige hatua nyingine mbele. Waambie wenzako wasimame pia.

Usiguse: usikiinue, usikitupie jiwe, usikichome moto, usikipeleke nyumbani kumwonyesha baba. Kitu cha zamani chenye kutu si kitu kilichokufa.

Rudi: geuka na urudi ulipopita, ukikanyaga palepale ulipokanyaga.

Sema: mwambie mtu mzima mara moja, hata kama ulikuwa mahali ulipokatazwa. Mtu mzima azuie wengine wasikaribie, atambue mahali kwa alama iliyo mbali, kama mti au nyumba, na ampashe shefu habari ili wenye kazi hiyo waitwe.

Hapo kwenye kusema, wamama, kuna kazi yetu. Mtoto anayejua atapigwa kwa kwenda mahali fulani atanyamaza, na kesho mdogo wake atapita palepale. Tumwahidi kwamba mwenye kuleta habari ya namna hii hapigwi siku hiyo. Ahadi hiyo tuitimize.

Na kwenye mchezo wetu wa kikopo kuna sheria moja inayotutofautisha na wachezaji wa ng'ambo: mtoto anayekiona hakigusi. Anasimama, anaita, na mama aliyekificha ndiye anayekiinua. Ushindi ni wa macho. Mtoto akizoea hivyo uani kwetu, mkono wake utazuilika hata shambani, mahali ambapo mama hayupo.

Mfano wa mchezo wa vituo vitano

Mnaweza kuuchukua kama ulivyo na kubadilisha mahali kulingana na kartie yenu.

Kituo cha kwanza, mlangoni kwenu asubuhi: jua linatoka upande gani, na nchi unayoiona ng'ambo ya ziwa ni ipi? Jibu: mashariki, Burundi.

Kituo cha pili, uwanja wa shule au kanisa: hesabu madirisha ya upande wa barabara, zidisha kwa idadi ya milango. Jibu hilo ni tarakimu za mwisho za kituo kinachofuata. Mama aliyetunga ayahesabu mwenyewe kwanza.

Kituo cha tatu, kwa mama muuza samaki anayejua mnakuja: muulize ndagala hukaukaje vizuri, na amejuaje kwamba zimekauka. Watoto waandike maneno yake, na waseme asante kabla ya kuondoka.

Kituo cha nne, kwa bibi au mzee wa avenyu: muulize maji yalifika wapi mwaka 2020, na miaka ziwa lilipopanda likaingia nyumba na barabara upande wa Kavimvira. Aonyeshe kwa mkono. Kisha muulize: yakija tena usiku, tukimbilie wapi? Watoto waitie alama njia hiyo kwenye ramani. Siku nyingine mje nayo kwa mguu, familia nzima.

Kituo cha tano, mahali palipoinuka na penye usalama, panapoonekana ziwa na mlima: je, mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Swali hili liliwahi kuwashughulisha wakubwa. Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji mpaka ncha hii ya kaskazini kwa ajili ya swali hilo tu. Walikuta mto unaingia. Maji ya ziwa hutokea upande mwingine, kwa mto Lukuga pale Kalemie. Babu zetu wa bonde la Ruzizi hawakuhitaji safari hiyo kulijua jibu.

Mwisho wote warudi nyumbani, mahali penye kikopo cha plastiki, karanga na mandazi. Asiyepata majibu yote naye ale. Kabla ya kula, wanawe mikono kwa sabuni, maana kipindupindu hakijatuacha.

Gharama yake

Daftari moja, kalamu mbili, kikopo chenye kifuniko, karanga na moto wa simu moja. Kikundi cha wamama kumi kikichanga, hakuna atakayeuhisi mzigo. Wamama wawili wapite njia yote siku moja kabla, kwa miguu, wakitazama chini na pembeni kwa macho ya mtoto: shimo la choo lililo wazi, waya wa umeme ulioning'inia, mbwa mkali, kichaka kisichojulikana. Pakiwatia shaka, kituo kihamishwe.

Vikundi vitakavyocheza wiki hii vituletee mambo mawili kwenye mkutano ujao: swali moja mlilotunga ambalo watoto walilipenda, na njia ya kukimbilia maji ambayo wazee wa avenyu yenu waliwaonyesha. Maswali tutayachapa hapa ili wengine wayatumie. Njia hizo tutazikusanya kartie kwa kartie, kila kikundi kipate nakala mvua hazijarudi.